Mastaa na chawa wao: mmoja wa kusema ukweli anatosha

Kila mtu anamjua staa wa aina hii. Zamani alikuwa anakesha studio, anarudia mstari mmoja mpaka prodyuza anasinzia. Siku hizi anarekodi fasta, nusu saa kamaliza, na ngoma yenyewe haina hata kiitikio cha kukaa kichwani. Wengi wanasema kaharibiwa na hela. Wapi! Kilichobadilika zaidi ni watu waliomzunguka.

Yule mshikaji wa kitaa aliyekuwa anamwambia "hapa umechemka, rudia" sasa hivi hata simu yake haipokelewi. Kaitwa heta, ana wivu. Nafasi yake wamechukua chawa: mchana wanamsifia, usiku wanamtetea Insta, na bili ya meza analipa yeye. Wahenga walishamaliza kitambo: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lakini asichekwe sana, binadamu ndivyo tulivyo. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha vijana wa chuo mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Swali la mtoto mdogo kabisa. Ila kila kijana aliyepimwa alikaa na wenzake waliopangwa kwa siri kutoa jibu la uongo. Kama robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo huo angalau mara moja, na jibu sahihi liko mbele ya macho yao! Sasa kama urefu wa mstari tu unawababaisha watu, itakuwaje kwa anayeambiwa kila siku kwamba hakuna kama yeye?

Utamu uko hapa: Asch alipoweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema ukweli, waliofuata uongo walipungua sana. Mmoja tu.

Kwa hiyo staa hana haja ya kufukuza kundi zima. Chawa wabaki wapige picha. Ila awepo hata mmoja, dada yake, mama yake au mshikaji wa enzi za msoto, anayeweza kusema "hii ngoma mbovu" na kesho bado akakaribishwa mezani.

Na wewe usiye staa, mara ya mwisho nani alikwambia umekosea? Ulimshukuru, au ulimtoa kwenye grupu?