Muhogo wa Masinya usiishie kwenye unga

Safari ya gunia la muhogo mkavu kutoka Masinya, wilaya ya Busia upande wa Uganda, inajulikana. Hupakiwa kwenye baiskeli au bodaboda, huvushwa mpaka kwenda Kenya na kuishia kwenye kinu, likasagwa pamoja na mtama au wimbi. Bei hupangwa na mnunuzi. Jioni, mfanyabiashara yule yule hurudi na katoni ya nepi za kuuza. Ndani ya nepi hizo mna chembe nyeupe mfano wa sukari, na hizo ndizo zinazomfanya mtoto alale mkavu hadi asubuhi.

Chembe hizo hutengenezwa na viwanda vikubwa vya kemikali, kama BASF ya Ujerumani na Nippon Shokubai ya Japani. Hapo ndipo hasara ya Busia na Malaba ilipo. Wanga huuzwa kwa bei ya kutupa, kisha hununuliwa kwa bei kubwa bidhaa ambayo sehemu ya kazi yake wanga huo ungeweza kuifanya.

Wataalamu huziita haidrojeli. Ni nyuzi ndefu zilizofungamana kama wavu. Maji yakiingia, wavu huvimba na kuyashika. Haidrojeli pia huitikia mazingira yake. Chembe za nepi hunywa maji safi mara mamia ya uzito wake, lakini maji yakiwa na chumvi hunywa kidogo sana. Nyingine hutengenezwa ili zivimbe au zinywee kulingana na joto au ukali wa asidi.

Kasoro ya chembe za nepi ni kwamba zimetokana na mafuta ya petroli na haziozi kwa urahisi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, lakini nepi zikaachwa. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilipendekeza ushuru wa mazingira uliogusa nepi, na muswada wote wa fedha ukaondolewa baada ya maandamano ya vijana. Ni ujinga kudhani suala hilo limezikwa. Taka zinaongezeka, na siku ushuru huo utakaporudi kwa jina jingine, wa kwanza kuumia atakuwa mchuuzi wa mpakani.

Kutengeneza haidrojeli kwa wanga si ndoto. Miaka ya 1970 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, waliunganisha wanga wa mahindi na kemikali wakapata unga unaonywa maji mara mamia ya uzito wake. Sehemu ile ya kemikali haikuoza. Tangu wakati huo watafiti wametumia njia safi zaidi: wanga au selulosi ya mimea hufungwa kwa asidi ya sitriki, ile ile iliyomo ndani ya limau, kisha hutiwa joto. Jeli inayopatikana huliwa na vijidudu vya udongoni.

Afrika Mashariki nayo imeshaonyesha njia. Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni taulo za kike za MakaPads kwa mafunjo na karatasi chakavu, zikatumiwa hata na wakimbizi kambini. Mafunjo hayo yalikuwa yakionekana magugu tu.

Ukweli lazima usemwe. Jeli ya wanga kwa kawaida hunywa maji kidogo kuliko ile ya petroli, na kushindana nayo ndani ya nepi tangu siku ya kwanza ni kujitafutia hasara. Pa kuanzia ni shambani. Jeli ikichanganywa na udongo wa miche, huhifadhi maji ya mvua na kuyaachia mizizi polepole udongo unapokauka. Huko kuoza si kasoro tena, bali ndiyo sifa. Mbolea ya chumvichumvi hupunguza nguvu yake, kwa hiyo ijaribiwe kwenye udongo wa Busia na Tororo kabla ya mkulima kuuziwa.

Wapo watakaouliza: je, muhogo si chakula? Swali ni la haki. Familia nyingi za pande zote mbili hazijasahau jinsi ugonjwa wa batobato ulivyoangamiza mihogo ya Uganda miaka ya 1990. Kiwanda kisipewe nafasi ya kugombea chakula na watoto mwaka wa njaa. Kianze na maganda na vipande vilivyoharibika rangi, ambavyo bado vina wanga na nyuzinyuzi.

Kizuizi kikubwa zaidi kipo kwenye makaratasi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio likalegezwa kwa masharti baada ya siku chache, lakini hasara ilikuwa imeshawafikia waliokuwa na mizigo njiani. Somo ni kwamba vipimo vikubaliwe kabla bidhaa haijafika kwenye kizuizi. Mashirika ya viwango ya Uganda na Kenya yakubaliane mapema neno "inaoza" lina maana gani: ioze kwa muda gani, katika udongo gani, na iache nini. Bila hivyo, walaghai watabandika neno hilo kwenye plastiki ya kawaida.

Pia kuna mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupata cheti cha uasili palepale mpakani. Mfumo huo hufuata orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Jeli ya muhogo isipoingizwa humo, mama mwenye magunia mawili atalazimika kutafuta wakala wa forodha, na biashara itabaki kwa wenye malori.

Kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa na marais Museveni na Kenyatta Februari 2018 kimeweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Paa hilo litumike kwa mazungumzo haya pia. Wafanyabiashara nao wana kazi yao: kujiunga katika vikundi, kuanika muhogo kwenye turubai badala ya kando ya barabara, na kuanza kuhesabu maganda kama mali. Kiwanda hakijengwi mahali ambapo malighafi huja gunia moja leo na jingine mwezi ujao.

Wanaovusha mizigo mpakani wamezoea kuuliza bei ya leo upande wa pili. Swali la kuwauliza wabunge wao na maofisa wa viwango ni jingine: kwa nini muhogo uvuke ukiwa mkavu na mbichi kibiashara, wakati faida yake inasubiri mbele ya kinu?