MAJI SI ANASA: MFANYA KAZI ALIYEUMIA APEWE TIBA YAKE

Ndugu Wafanya Kazi,

Leo twaandika juu ya maji. Msicheke. Karani mmoja amekwisha kucheka kwa niaba ya wote, na kicheko chake ndicho kilichotufanya tuandike.

Ndugu yetu mmoja, mpakizi katika ghala moja hapa Mombasa, aliteleza juu ya ubao wa lori akiwa na gunia la kilo 50 begani. Mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, akatoka hospitali na magongo mawili na karatasi ya vidonge. Kidonda kikapona. Lakini miezi mitatu baadaye alikuwa bado hawezi kupanda ngazi ya nyumba yake, na kila akijaribu kukanyaga mguu ule maumivu humpanda mpaka kiunoni. Mtaalamu wa tiba ya viungo akamwandikia barua: afanye mazoezi ndani ya maji ya vuguvugu, mara mbili kwa juma, kwa majuma manane.

Tuliipeleka barua ile kwa tajiri wake. Karani akaisoma, akacheka, akasema, "Kampuni hailipi watu kwenda kuogelea. Mwambieni aende pwani, bahari haina kiingilio."

Basi twamjibu hapa, na tajiri wake asome pia.

Mazoezi ya majini si kuogelea. Wengi wanaoyafanya hawajui kuogelea hata kidogo. Mgonjwa husimama, hushika chuma cha ukutani, hutembea mbele na nyuma, huinua mguu, hukunja goti, na mtaalamu yuko pamoja naye. Jambo kubwa ni hili: maji humbeba mtu. Akisimama katika maji yanayomfika kiunoni, miguu yake huchukua kama nusu tu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, huchukua kama theluthi moja. Yakimfika shingoni, huchukua kama sehemu moja ya kumi. Mpakizi mwenye kilo 70 akiingia mpaka kifuani, nyonga zake zimetuliwa mzigo wa karibu kilo 47. Ni kama kutuliwa gunia lile lililomvunja. Mguu usioweza kukanyaga sakafu huweza kukanyaga chini ya bwawa, na huko hujifunza tena kazi yake kabla ya kurudi juu ya simiti.

Tena kuna joto. Bwawa la tiba hutiwa joto la digrii 33 hadi 36, karibu na joto la mwili wetu. Misuli iliyojikaza kwa maumivu hulegea, na kiungo hukunjika zaidi. Maji hukandamiza mguu pande zote, na uvimbe hupungua. Ukisukuma polepole maji hayakupingi sana, ukisukuma kwa nguvu nayo hukupinga kwa nguvu. Kwa hiyo mgonjwa hujipimia kazi yake mwenyewe. Na akiyumba haanguki kwa kishindo. Aliyekwisha kuanguka mara moja anajua woga ule unavyofunga miguu kuliko chuma.

Karani anasema bahari ni bure. Sisi ni watu wa pwani, hatuhitaji kufundishwa habari za bahari. Bahari ina mawimbi, ina mkondo, chini yake kuna mashimo na mawe, haina chuma cha kushika, na maji yake hayafiki joto la bwawa la tiba. Mtu mzima na aende akafurahi. Lakini kumpeleka mtu mwenye magongo mawili mchangani na kumwambia aingie peke yake ni kumtafutia ajali ya pili.

Je, kuna ushahidi? Upo, nasi hatutauongeza chumvi. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 13, yenye watu karibu 1,200 walioumwa magoti na nyonga zilizochakaa. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu ya maumivu na wakajiweza zaidi. Nafuu ile ilikuwa ndogo, na iliyopimwa ilikuwa ya muda mfupi. Mwaka 2022 yalichapishwa majaribio ya China ya watu 113 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kundi moja lilifanya mazoezi majini kwa miezi mitatu, la pili lilitibiwa kwa umeme na joto. Kundi la majini liliweza kazi za kila siku vizuri zaidi, na tofauti ile ilionekana hata mwaka ulipotimia. Hatusemi maji ni dawa ya kila kitu. Mazoezi ya nchi kavu nayo ni dawa, na mwisho wa safari ni lazima mtu arudi nchi kavu, maana magunia hayapakiwi majini. Twasema hivi tu: asiyeweza kuanza juu ya nchi kavu, apewe mahali pa kuanzia.

Sasa tuje kwenye sheria. Ile sheria ya mwaka 2007 ya walioumia kazini, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka tajiri alipe gharama za haki za matibabu ya mtu aliyeumia kazini: daktari, hospitali, dawa, usafiri wa mgonjwa, hata magongo. Tajiri huyu alilipa magongo bila kunung'unika. Twamwuliza: kama magongo ni matibabu, je, kile kitakachomwondoa katika magongo si matibabu? Barua haikuandikwa na kinyozi. Imeandikwa na mtaalamu, naye karani si mtaalamu.

Wengine watasema jambo hili ni la nchi tajiri. Hapana. Ni jambo la wafanya kazi waliolidai. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1920, wenye migodi walitozwa peni moja kwa kila tani ya makaa, zikawekwa katika mfuko wa hali njema ya wachimbaji. Katika miaka ya 1940 wachimbaji walioumia walikuwa na vituo vyao vya kurudishiwa nguvu. Kimoja ni Talygarn, huko Wales, kilichofunguliwa mwaka 1943, wakati wa vita, nchi yenyewe ikiwa katika dhiki. Haikuwa sadaka. Ilikuwa peni ya tani.

Bandari ya Mombasa mwaka 2023 ilipitisha karibu tani milioni 36. Twajua si zote zilizopita mgongoni mwa mtu, mashine zipo. Lakini fanyeni hesabu: shilingi moja kwa tani ni shilingi milioni 36 kwa mwaka mmoja. Nani atakayesema fedha za bwawa hazipo?

Na maji ya moto nchi hii inayo. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini hutoa umeme, na maji yake ya moto yametiwa katika bwawa ambalo wageni wamekuwa wakiingia kustarehe tangu mwaka 2013. Hatuwaonei kijicho wageni. Hapa pwani mahoteli yana mabwawa kila upande, na sisi ndio tunaoyasugua. Twauliza tu: yawezekanaje maji ya vuguvugu yawe ya mtu aliyechoka kwa kukaa, yasiwe ya mtu aliyevunjika kwa kubeba?

Neno moja kwetu sisi wenyewe. Wako wenzetu waliomcheka ndugu huyu, wakasema mwanamume haendi kuchezea maji kama mtoto. Hao wamejiunga na karani bila kulipwa mshahara wa karani. Wako wanaosema mkandaji anatosha. Mkandaji mwema ana kazi yake, lakini mfupa wenye chuma ndani usiguswe kwa nguvu bila daktari kujua. Na mama zetu na dada zetu wanaochambua kahawa na chai maghalani, ambao viuno vyao vimekwisha kwa kusimama na kuinama, wametuambia hawataingia bwawa moja na wanaume. Wana haki. Wapewe saa zao na mtaalamu mwanamke.

Tena jihadharini. Mwenye kidonda kilicho wazi, mwenye homa, mwenye moyo ulioshindwa kazi na haujatulizwa, mwenye kifafa kisichotulizwa, asiingie majini mpaka daktari amruhusu.

Basi twataka mambo haya:

1. Barua ya mtaalamu wa tiba ya viungo iheshimiwe kama barua ya daktari, na tajiri alipe, ikiwa ni mazoezi ya nchi kavu au ya majini.

2. Mfuko wa shilingi moja kwa tani uzungumzwe katika mapatano yajayo, na wafanya kazi wawe na viti katika halmashauri ya kuusimamia.

3. Mpaka bwawa la tiba lipatikane katika hospitali ya umma, matajiri wakodi saa za asubuhi katika bwawa linalofaa, lenye maji ya joto na mtaalamu aliyeandikishwa kwa sheria.

4. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya. Twataka tuambiwe waziwazi, kwa maandishi, ni mara ngapi mtu aliyeumia atalipiwa tiba ya viungo.

5. Aliyepona nusu apewe kazi nyepesi. Asirudishwe chini ya gunia siku ya kwanza, wala asifutwe kwa kuwa anachechemea.

Nawe mwanachama, ukiumia, usinyamaze. Mwarifu msimamizi siku ile ile, pata majina ya walioona, weka kila karatasi ya hospitali. Tajiri anatakiwa kupeleka habari serikalini katika siku saba tangu apate taarifa, na madai yako yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Wengi wamepoteza haki yao kwa kungoja huruma.

Ndugu yetu bado anatembea kwa magongo. Tumechanga, ameanza majuma yake manane kwa fedha zetu, na risiti tunaziweka zote. Tutazipeleka kwa karani yule, moja moja, mpaka aache kucheka.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Halmashauri ya Tawi