Bibi wa Pangani na tela la hema

Bibi mmoja wa Pangani alipopata viza ya kwenda kumtembelea mwanawe Marekani, ndege haikumtia hofu. Kilichomnyima usingizi ni wajukuu. Atazungumza nao nini? Wako watatu, binti wa miaka 13 na wavulana wawili wa miaka 9 na 6, wote wamezaliwa huko huko jimbo la Georgia. Kiswahili wanakisikia, ila kikifika mdomoni kinatoka Kiingereza.

Wiki tatu za kwanza hofu yake ikawa kweli. Baba wa nyumba anafanya kazi ghala la mizigo zamu ya usiku, mama anatunza wazee mchana. Watoto wakitoka shule kila mmoja anakimbilia chumbani na simu au tableti yake. Bibi anabaki sebuleni akitazama televisheni asiyoielewa. Siku moja alimwita yule mjukuu wa miaka 9 “mume wangu”, kama bibi yeyote wa Pwani anavyomtania mjukuu wake. Mtoto alikwenda mbio kwa mama yake, akauliza kwa Kiingereza kama bibi anaumwa.

Shule zilipofungwa, baba akaja na mpango. Siku 5 Florida, kwenye bustani za michezo za Walt Disney World karibu na mji wa Orlando. Zipo bustani kubwa 4, na yeye alitaka zote 4. Zaidi ya hapo alitaka hoteli.

“Mama yangu hajawahi kulala hoteli ya ghorofa,” alimwambia mkewe. “Safari hii atalala.”

Mke hakubisha. Alichukua kalamu.

Hesabu ya mama watoto

Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye bustani hizo imeshavuka dola 100, na mtoto akitimiza miaka 10 tayari analipa kama mtu mzima. Wa bure ni aliye chini ya miaka 3, na nyumba hiyo haikuwa naye. Vyumba vingi vya hoteli havipokei watu 6 pamoja, kwa hiyo wangelipia vyumba viwili. Hapo bado chakula, kwa sababu chumbani hakuna jiko.

“Pesa ya kodi ya nyumba ya miezi miwili,” mama alisema, akaigeuza karatasi mumewe aione. “Baba watoto, sikatai twende. Nakataa kurudi tunadaiwa.”

Yeye alikuwa na mpango wake. Jirani mmoja ana tela la hema, la kuvutwa nyuma ya gari dogo. Likikunjwa linakuwa kama sanduku pana lisilofika kifuani kwa mtu. Ukifika unazungusha hendeli, paa linapanda, vitanda viwili vinavutwa kutoka kila upande kama droo, na turubai lenye madirisha ya zipu linafunika pande zote. Ndani kuna jiko la gesi la plate mbili, sinki na meza inayogeuka kitanda. Watu 6 wanaenea. Jirani alikubali kuwaazima kwa sharti moja: wamnunulie matairi mapya mawili, maana ya zamani yalishaanza kupasuka kwa kukaa juani.

Baba aliona aibu. “Nimemtoa mama yangu Pangani aje Marekani kulala kwenye turubai?”

Bibi alikuwa jikoni, akayasikia. “Kwetu turubai likifungwa uani kuna harusi au kuna msiba,” alisema. “Hilo lenu ni la nini?”

Hakuna aliyemjibu.

Kambi yenye mashua

Walipata nafasi Fort Wilderness, kambi iliyomo ndani ya eneo lenyewe la Disney. Ilifunguliwa Novemba 1971, wiki chache tu baada ya bustani ya kwanza, Magic Kingdom, iliyofunguliwa Oktoba 1 mwaka huo. Ni msitu wa misonobari kando ya ziwa, wenye mamia ya viwanja. Kiwanja kina bomba la maji, umeme, meza na jiko la kuchomea nyama. Mabafu, vyoo na vyumba vya kufulia viko kwenye majengo ya pamoja, na kiwanja kimoja kinaruhusiwa kuwa na watu hadi 10. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, na vya hema ndivyo kawaida huwa nafuu.

Kutoka Atlanta hadi huko ni kama kilomita 700, mbele kidogo ya Dar es Salaam hadi Arusha. Kwa tela nyuma walitumia karibu saa 10, maana halitaki mwendo wa haraka wala breki za ghafla.

Shida ilikuwa kurudi nyuma. Tela linafanya kinyume na usukani: ukikata kulia lenyewe linakwenda kushoto. Baba alijaribu mara nne, jasho likimtoka, mkewe akipiga kelele “kata, kata!”, wageni wa viwanja vya jirani wakitazama. Mzee mmoja wa Kimarekani akaja, akamwonyesha ashike usukani sehemu ya chini: mkono ukienda kulia, na tela linakwenda kulia. Mara ya tano likaingia.

Kukunjua tela hakufanywi na mtu mmoja. Binti alishika hendeli. Mdogo wake alisukuma vibao vya kuzuia magurudumu. Yule wa miaka 6 alipewa kazi ya kutazama kipimo cha maji kinachoonyesha kama sakafu imelala sawa. Bibi alishika nguzo za kitanda, akatoa amri kwa Kiswahili, na watoto wakatii kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kujifanya hawajaelewa. “Vuta! Usiache! Funga zipu!” Nusu saa baadaye nyumba ilikuwa imesimama, na bibi akawa anachoma mahindi.

Asubuhi walikwenda Magic Kingdom kwa mashua, kwa sababu kambi ina gati yake na mashua huvuka ziwa hadi mlangoni. Bibi, aliyekulia akivuka mto Pangani kwa pantoni kwenda Bweni, alipanda kama mwenyeji. Aliwaambia wajukuu wasitie mikono majini, maji ya namna ile hayakosi mamba. Binti akacheka, hadi alipoona tangazo linaloonya juu ya mamba wa Florida. Kutoka hapo alianza kumsikiliza bibi yake kwa adabu mpya.

Uhuru 1961

Siku ya pili walikwenda Animal Kingdom, bustani yenye wanyama hai iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, kilichojengwa kufanana na miji ya mwambao wa Afrika Mashariki: kuta za chokaa zilizobanduka na vibao vya maduka.

Na vibao vile vina Kiswahili.

Kwa wiki nne bibi hakuweza kusoma kibao chochote bila msaada. Sasa alisimama katikati ya umati, akasoma kwa sauti. “Tamu Tamu.” “Dawa.” “Mombasa.” Watoto walimwangalia kama mtu aliyetoa sungura kwenye mkoba. Mvulana wa miaka 9 akaanza kukimbia mbele kutafuta maneno mengine, akirudi kumvuta bibi mkono. Ndipo alipoona maandishi ya “Uhuru 1961”.

“Bibi, uhuru ni nini?”

Lilikuwa swali lake la kwanza kwa Kiswahili tangu bibi afike. Bibi alifungua mdomo, lakini baba aliyekuwa akiangalia saa alisema, “Twendeni, twendeni, foleni ya safari inazidi.” Alikuwa na ratiba. Tiketi zilimuuma, na kila dakika aliyosimama aliihesabu kwa dola.

Walipanda lori la wazi wakaona twiga, tembo na simba. Bibi amezeeka jirani na hifadhi ya Saadani, lakini simba alikuwa hajapata kumwona mpaka alipofika Florida. Saa 7 mchana jua lilikuwa limemchosha. Baba alitaka waendelee hadi usiku. Mama alimtazama tu, akamshika mama mkwe mkono, wakaelekea kwenye basi la kambini. Wengine wakafuata.

Saa 10 jioni radi zikaanza. Majira ya joto Florida hupata mvua za radi karibu kila alasiri, na turubai halimkingi mtu na radi. Sheria ni moja: toka kwenye hema au tela la hema, ingia jengo imara au gari lililofunikwa. Mama aliwakusanya wote, wakakimbilia jengo la mabafu na kufulia. Simu na tableti zilibaki kwenye tela.

Walikaa humo karibu saa mbili, wakiegemea mashine za kufulia, maji yakigonga paa. Watoto walinung’unika, kisha wakanyamaza. Ndipo yule mvulana akarudia swali lake.

“Mwaka ule nilikuwa na miaka kama yako,” bibi alianza. “Tisa. Mama yangu alituamsha usiku. Nilidhani kuna msiba, kumbe ni ngoma. Wazee wanacheza, wengine wanalia. Nikauliza wanalia nini, nikaambiwa Mwingereza ameshusha bendera yake. Kulipokucha tukapikiwa pilau. Nilikula mpaka nikapoteza kiatu kimoja, na kesho yake mama akanichapa.”

“Kwa sababu ya kiatu?” aliuliza binti.

“Uhuru tulipata wote. Kiatu kilikuwa changu peke yangu.”

Binti aliwatafsiria wadogo zake pale walipokwama. Yakaja maswali mengine: Mwingereza alikwenda wapi, kiatu kilipatikana, babu alikuwa wapi. Baba alikuwa ameketi juu ya kapu la nguo, kimya. Hadithi ile hata yeye hakuwa ameisikia. Alikuwa na miaka 44, na hakuwahi kuuliza.

Siku ya tatu hakutaja bustani. Tiketi walikuwa wamenunua za siku mbili tu, kama mkewe alivyopanga. Walishinda kambini, na jioni wakaenda kwenye moto wa pamoja ambako watoto huimba.

Ya kuzingatia

Familia inayofikiria safari ya namna hii na ianze na gari. Kitabu cha gari kinaonyesha uzito linaoruhusiwa kuvuta. Uzito wa tela upimwe likiwa limepakiwa. Kipira cha chuma cha kuvutia kiwe cha saizi ya tela, minyororo miwili ya usalama ipishanishwe chini yake, taa za nyuma zijaribiwe kabla ya kuondoka. Ukifika, sawazisha tela na zuia magurudumu kwanza, ndipo ulitenganishe na gari. Miguu ya pembeni ni ya kulituliza, haifai kulinyanyulia.

Jiko la gesi lisitumiwe kamwe kupasha joto ndani, kwani moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Chakula kifungiwe, maana rakuni wa Florida wanajua kufungua mifuko. Anayeona kambi ya Disney ni ghali anaweza kutazama hifadhi za jimbo zilizo jirani, kama Lake Louisa upande wa Clermont, au Wekiwa Springs kaskazini mwa Orlando, yenye chemchemi ambayo maji yake hukaa karibu nyuzi 22 mwaka mzima.

La mwisho ndilo husahaulika: turubai likikunjwa na maji huota ukungu haraka. Ukifika nyumbani, likunjue tena likauke.

Ndivyo walivyofanya. Walirudi Georgia Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi tela likasimama uani kwao, madirisha wazi. Lilikuwa limekauka kufikia alasiri. Baba alipotaka kulikunja, alimkuta mwanawe wa miaka 9 amekwishapeleka mto wake ndani, na wa bibi pia.

Bibi alitoka na kanga begani, akalizunguka turubai mara moja, akauliza kama alivyouliza siku ile jikoni.

“Limefungwa uani. Ni harusi au msiba, mume wangu?”

Mtoto hakukimbia. Alifikiri kidogo, akilitafuta neno.

“Harusi, Bibi.”

Jirani alirudishiwa tela lake Jumanne, siku mbili baada ya ahadi.