Sheria Nyumbani: Jina la Kosa na Uzito Wake

Akina mama wa kambini, mtu wenu akikamatwa neno la kwanza mtakaloambiwa ni jina la kosa, na jina hilo huwapoteza wengi. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 imeyagawa makosa katika madaraja matatu kwa kufuata adhabu peke yake. Lile dogo, icyaha cyoroheje, kifungo chake hakifiki miezi 6. La kati lina kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, nalo kwa Kinyarwanda laitwa icyaha gikomeye. Hapo ndipo kilio huanza, kwani gikomeye ni "kizito", na mzazi hudhani mwanawe amekwisha. La hasha! Jinai kubwa ni icyaha cy'ubugome, ambayo kifungo chake hupita miaka 5 na huweza kuwa cha maisha. (Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2007.) Na neno ubugome, yaani ukatili, halihukumu moyo wa mtuhumiwa, ni jina la daraja tu.

Wabeba silaha walitazame jambo hili kwa makini. Aliyeiba simu mezani kwa siri ametenda kosa la kati. Aliyeichukua simu hiyo hiyo kwa kumwelekezea mwenyewe bunduki ametenda jinai kubwa, na kifungo chake ni miaka 10 hadi 15, ingawa thamani ya simu haikubadilika. Raia aliyeshirikiana na mwanajeshi katika kosa husimamishwa pamoja naye mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa hiyo mke aliyeshiriki asidhani kwamba ataachwa nje ya lango.

Zipo familia zinazouza ng'ombe ili "kumaliza mambo" na mlalamikaji. Fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu jinai kubwa ni mashtaka ya Serikali. Mlalamikaji akisamehe, mwendesha mashtaka huendelea. Afadhali ng'ombe huyo amlipe wakili, tena mapema, kwani mpelelezi haruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya siku 5, na tangu hapo mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa kosa lake na ya kuwa na wakili. Ulizeni kwa adabu: ni kifungu gani cha sheria? Namba hiyo itawaambia mengi kuliko uvumi wa mtaani.

Wala asitokee wa kuwashauri kujificha mpaka mambo yapoe. Haki ya kushtaki kosa la kati hukoma baada ya miaka 3, ya jinai kubwa baada ya miaka 10, na ya mauaji ya kimbari haikomi kamwe.