Mambo ya Nyumbani: Kununua Gari la Kulala Lililokwisha Tumika

Msomaji wetu mmoja wa Kisarawe ametuletea barua ndefu, nasi tumeona vema tuijibu hapa, kwa kuwa jambo aliloliuliza si lake peke yake. Mama yake mzazi ni mtu mzima, nyonga zimemchoka, hawezi kukaa kitini zaidi ya saa moja. Ndugu wa mama huyo wako Pangani, nao ni wazee kama yeye, na kila mwaka idadi yao yapungua. Mwana amekusanya fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi, na sasa amesikia kwamba huko Kibaha, karibu na Maili Moja, yuko mtu anauza HiAce kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma ikatiwa kitanda, kabati, jiko la gesi na tangi la maji. Mwenye gari ni mtu wanayefahamiana, na mara nyingi husali pamoja. Anatuuliza mambo mawili: alikague namna gani, na je, kulikagua sana si kumdhania vibaya ndugu yake Mwislamu?

Tutaanza na la pili, maana asiyelitatua hilo hatakagua kitu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula kinachouzwa, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata unyevu. Akamwuliza mwenye mali ni nini hiki, naye akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akaukemea udanganyifu kwa maneno makali. Wengi wetu twaijua hadithi hii kwa upande wa muuzaji. Sisi twapenda itazamwe pia kwa upande wa ule mkono. Aliyeutia mkono katika chungu ile ndiye mbora wa watu katika kuwadhania watu wema, na hata hivyo hakutosheka na kutazama juu.

Basi haya isituponze. Sisi watu wa Pwani, tukienda sokoni, humfunua mashavu samaki mmoja, tukamnusa, tukambonyeza, na muuzaji asione vibaya. Lakini mtu huyu huyu akipelekwa kwenye gari la mamilioni hulizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akasema Mungu akitia baraka yatosha. Baraka yenyewe imefungamanishwa na ukweli wa wote wawili na kuibainisha ila iliyomo. Muuzaji mwema hatakasirika ukilala chini ya gari lake, na huenda akakuletea mkeka.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Magari ya kulala ya kiwandani, kama yale ya Ulaya na Marekani, ni adimu kwetu. Yanayopatikana ni mabasi madogo yaliyogeuzwa na mafundi, na mengi yametoka Japani, kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. HiAce za umbo la zamani, lililoanza 1989, na za umbo lililoanza 2004, ndizo zijulikanazo zaidi na mafundi wetu. Faida yake kubwa kwa mtu wa fedha haba ni kwamba vipuri vyake vipo na fundi haendi kujifunzia kwako. Atakayeshawishiwa kwa gari zuri la aina ngeni na ajiulize kwanza likiharibikia Segera nani atalifungua.

Gari hili ni gari na ni nyumba pia, kwa hiyo lina maradhi ya vyote viwili. Ugonjwa mkubwa wa nyumba hii ni ule ule wa chungu ya chakula, yaani maji yaliyojificha. Fundi aliyetoboa paa kutia tundu la hewa, au aliyekata ubavu kutia dirisha, ameacha mshono, na mshono huo umekaa juani na katika masika ya kila mwaka. Maji huingia polepole, yakashuka nyuma ya mbao, yakaoza yote pasipo kuonekana doa. Kwa hiyo afadhali kwenda kulikagua siku ya mvua au siku ya pili yake. Ikiwa ni kiangazi, mwombe mwenye gari ndoo mbili za maji mzimwage juu ya paa taratibu, kisha ingia ndani ungoje robo saa. Bonyeza mbao kwa kidole gumba pembe zote, hasa chini ya madirisha na nyuma ya kabati, iliyooza hubonyea. Nusa godoro. Funua zulia, na likiwa jipya kuliko kila kitu kingine, lifunue mara mbili. Harufu kali ya udi au ya manukato ndani ya gari linalouzwa ni jambo la kuulizia sababu, ingawa sisi wenyewe twaupenda udi.

Chini ya gari angalia kutu. Sehemu za kaskazini za Japani hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa chini. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa upande wa chini tu, hali juu ni ya zamani, ikupe shaka. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikie kama chuma chalia au chanyamaza. Na kama gari lilipata kuzama mafurikoni, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu huosha viti na mazulia, lakini mara nyingi husahau mkanda uliojikunja ndani, nao hutoka na alama ya tope.

Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Nyanyua kiti uitazame, tena ufike mapema na uiguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto wakati wewe ndiwe mgeni wa kwanza, imewashwa ili isionyeshe tabu yake ya asubuhi. Fungua mfuniko wa oili. Ukiona ute wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia katika oili, nayo ni gharama kubwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji au ya dizeli isiyoungua sawasawa. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee peke yake, kwani zinarudishwa nyuma. Tazama pedali za breki na klachi na ngozi ya usukani, uone kama zimelika kuliko hesabu inayodaiwa. Tairi nazo zina tarehe ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hata 2319 ikawa ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazima yaweza kuwa imezeeka, na gari la kulala hubeba uzito mchana kutwa. Lita 100 za maji pekee ni kilo 100, kabla hujahesabu kitanda, gesi na watu.

Hapo hapo tumkumbushe mwulizaji jambo ambalo barua yake haikuligusa. Ametia nia mama alale kitandani gari likienda. Twamsihi asifanye hivyo. Kitanda hakina mkanda, na gari likifunga breki ghafula, mtu aliyelala hutupwa kama mzigo, na watoto waliopanda juu ya godoro ndio kwanza. Atafute kiti kimoja kinacholala nyuma kidogo, kilichofungwa chini kwa bolti za sawasawa na chenye mkanda, mama akae hapo, na kila baada ya dakika arobaini wasimame naye alale kitandani gari likiwa limetulia. Kutoka Chalinze mpaka Segera, na kutoka Segera mpaka Muheza, pa kusimama hapakosekani, na mapazia yakivutwa mama na wanawake wa nyumbani wapata sitara yao.

Kisha kuna jambo la roho za watu. Jiko la gesi likague kwa povu la sabuni kwenye mpira na viungio vyote; pakitoka mapovu pana uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu upande wa sakafu la kutokea nje. Ama jiko la mkaa ndani ya gari, hata dogo, hata la kupasha uji, hapana, wala usilitie ndani hali makaa bado yafuka ili lisiibwe nje. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na watu waliolala hawaamki. Bomba la moshi la gari nalo hutoa sumu hiyo hiyo. Mwambie fundi akague kama limetoboka chini ya sakafu, na msilale injini ikiunguruma kwa ajili ya ubaridi.

Fundi awe wako. Umlipe wewe, siku ile ile, gari linunuliwe au lisinunuliwe. Fundi aliyeletwa na dalali ana bosi wawili, naye kwa kawaida humtii yule atakayemwona tena kesho.

Katika karatasi, taka kuiona kadi halisi ya gari, si nakala. Wengi siku hizi hukopa fedha kwa kuweka rehani kadi, na mwenye nakala tu huenda kadi yake imelala katika droo ya mkopeshaji. Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma kwa macho yako, zilinganishwe na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea fedha. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kwa namba ya gari kabla ya kulipa, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA bila kungoja. Kama gari liligeuzwa kutoka basi la abiria, ulizia kama mageuzo hayo yameandikishwa.

Kuhusu fedha, sharia imetupa silaha ambazo wengi wetu twaziacha ukutani. Ya kwanza ni khiyari. Muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana pale walipokaa. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wetu Pwani, yafaa pia kuwekeana sharti la hiari mpaka siku tatu. Siku tatu zatosha kabisa kulilaza gari nje usiku wa mvua. Baada ya hapo, ikidhihirika ila ya zamani iliyofichwa, mnunuzi anayo haki ya kulirudisha, lakini aseme mara aionapo, asiendelee kulitumia miezi miwili ndipo alalamike. Neno la "nauza kama lilivyo" halimwoshi aliyeijua ila akainyamazia.

Ya pili ni arubuni. Utaambiwa uache kiasi fulani "kushikia", na usiporudi kimepotea. Masheikh wa Kishafii hawaijuzishi arubuni ya namna hii, ingawa wa madhehebu ya Hanbali waijuzisha. Sisi tungemshauri mwulizaji asiiache kabisa, kwa kuwa mara nyingi huombwa wakati ule simu ya dalali inapolia na sauti ikasikika kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Mlandizi na fedha taslimu. Kama mteja huyo yupo, ni riziki yake. Kama hayupo, huo ndio unajashi uliokatazwa, yaani kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo.

Fedha zikipungua, asikimbilie mkopo wa riba ili kufunga safari ya kuunga udugu. Benki zifuatazo sharia zipo nchini, Amana Bank ikiwa imefunguliwa tangu 2011, na njia ya murabaha yajulikana: benki hununua kitu kwanza, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Lakini aulize kwanza kama gari la umri huo litakubaliwa. La sivyo, anunue gari la chini kidogo, na kwa maoni yetu sehemu moja katika tano ya fedha zote ibaki nyumbani kwa ajili ya tairi, breki na yale ambayo hata fundi mwema hayaoni. Nasi twamkumbusha pia kwamba naye ana wajibu wake. Asiliponde gari kwa ila asizoziona, ili mwenziwe akate tamaa apunguze bei. Aliyoyaona ayataje, bei ipungue kwa hayo.

La mwisho ni jaribio la barabara. Barabara ya Morogoro pale Kibaha ni nzuri mno kwa kazi hii, kila gari hupita. Mwulizaji amwombe mwenye gari waende pamoja mpaka Pugu, tangi la maji likiwa limejaa, wapande ule mlima wa kuingia Kisarawe, wasimame katikati yake, waondoke tena, kisha wageuke washuke. Asikilize gia, atazame geji ya joto, aone kama breki zavuta upande mmoja. Wakifika juu salama, mama atoke nyumbani akipande kile kiti mwenyewe, akae dakika kumi, aseme kama nyonga zakivumilia. Na kama mwenye gari hataki lipande mlima kabla ya kulipwa, basi mwulizaji wetu na arejee Kisarawe kwa daladala, fedha zake zikiwa mfukoni, nasi tutafurahi akituandikia tena gari jingine litakapopatikana.