Nguruwe Huyu ni wa Nani?

Tangu Baraza la Katiba la Ufaransa lilipotoa hukumu yake mwezi wa Oktoba 2024, likazikataa hoja za wenye misitu waliodai kwamba sheria ya kupunguza nyua za seng'enge imewadhulumu milki zao, manung'uniko ya mabwana hao hayajatulia. Na kila niyasomapo, pamoja na ufasaha wake wote, naona ni manung'uniko ya watu waliozoea kula pande mbili na sasa wameambiwa wachague moja. Mimi nasema, bila ya kumumunya maneno, kwamba kumpiga risasi nguruwe mwitu aliyezungushiwa waya si uwindaji, na kwamba sheria ile, ikiwa ina ila, basi ila yake ni upole.

Jambo lenyewe latoka Sologne, nchi ya misitu na mabwawa iliyo kusini ya Orléans, ambako kwa vizazi vingi matajiri wa Paris wamekuwa wakinunua mashamba ya kuwindia. Zamani mpaka wa shamba ulikuwa mtaro au kichaka, na mnyama akipita apendavyo. Lakini katika miongo ya karibuni zilisimamishwa nyua za waya zenye kimo cha mita 2, chini zimefukiwa ili nguruwe asichimbe akatoka, hata mwenda kwa miguu katika njia za watu wote akawa apita baina ya kuta mbili za chuma kama mahabusu. Sheria ya tarehe 2 Februari 2023, ambayo mswada wake ulipelekwa na Seneta Jean-Noël Cardoux wa mkoa wa Loiret, mtu asiyeweza kutuhumiwa kwamba ni adui wa wawindaji, yaamuru kwamba uzio usipite mita 1.20 kwenda juu, uachwe wazi sentimita 30 kutoka ardhini, na nyua zilizojengwa katika miaka 30 iliyoitangulia zirekebishwe kabla ya tarehe 1 Januari 2027.

Upande wa pili una hoja zake, nami nitazitaja kwa kuwa insafu yataka hivyo. Wanasema uwindaji wa mahali wazi una hatari, na ni kweli: Desemba 2020, katika mkoa wa Lot, kijana aliyekuwa akikata kuni karibu na nyumba yake aliuawa na mwindaji aliyemdhania kuwa nguruwe. Walakini dawa ya bunduki isiyotazama iendako ni kumfunza na kumwadhibu aishikaye, si kuifunga nchi. Wanasema pia kwamba uzio wazuia homa ya nguruwe ya Afrika, maradhi yaliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921, na yaliyozuka katika misitu ya Ubelgiji mwaka 2018. Lakini uzio wa dharura wa mpakani una kazi moja iliyo wazi, ilhali kurundika nguruwe katika msitu mmoja na kuwamwagia mahindi ni kuyaandalia maradhi makao.

Hoja yenye uzito ni ile ya milki, nayo ndiyo inayowaangusha. Ardhi ni yako, bwana, na miti ni yako. Lakini nguruwe je? Kwa sheria ya Ufaransa mnyama wa mwituni hana mwenyewe mpaka atakapokamatwa au kuuawa kwa njia iliyo halali, kanuni ambayo msomaji aliyepitia fiqhi kidogo ataitambua mara moja (mnyama mwenyewe, najua, si wa kutajwa mezani kwa wasomaji wangu wengi). Na kwa kuwa hana mwenyewe wa kushtakiwa, sheria ya mwaka 1968 iliweka kwamba mkulima aliyefukuliwa shamba lake alipwe kwa fedha za wawindaji. Na deni hilo si dogo, maana nguruwe waliokuwa wakiuawa kwa mwaka, kiasi cha 36,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, sasa wamepita 800,000. Mwindaji wa mahali wazi huubeba mzigo huu, huzingoja nyakati zilizowekwa, na aghalabu hurudi kwao na matope tu, kwa kuwa nguruwe mzee husikia upepo, hugeuka, hupenya baina ya wafukuzaji na mbwa wao, akavuka mto akaingia wilaya nyingine.

Mwenye uzio hataki hata moja la hayo. Yeye hununua nguruwe kwa wafugaji, huwalisha, huwahesabu, huwauza kwa kichwa kwa wageni wake. Yote hayo ni matendo ya mwenye mifugo. Mwambie basi kwamba mfugo huchinjwa kwa taratibu za machinjio, bila ya kutimuliwa wala kutishwa, atakujibu: hasha, huyu ni mnyama wa mwituni! Mwambie kwamba wa mwituni ana msimu wake na haki ya kupita, atakujibu kwamba ni mali yake. Na sheria ya zamani, kwa aibu yake, ilimruhusu mwenye shamba lililozungukwa, lenye nyumba ndani yake, kuwinda humo wakati wowote wa mwaka. Nguruwe huyo huyo, asubuhi ni mali, jioni ni mwitu, kwa kadiri ya faida ya siku.

Na hicho kinachoitwa mchezo wa waungwana ni kitu gani? Ni kundi linalokimbizwa mpaka kwenye waya, likaufuata waya, likafika pembeni, jike na watoto wake wakaparamia chuma kwa pua, wakarudishwa, wakaparamia tena, ilhali mabwana wamekaa juu ya majukwaa ya mbao wakingoja. Mchinjaji wa sokoni ana murua kuliko hao, kwani yeye hajidai kwamba ng'ombe alikuwa na nafasi.

Wataniuliza juu ya msitu wa Chambord, ambako dola yenyewe ina ukuta wa kilomita 32. Waniulize, ukuta wa karne ya 17 sikuujenga mimi, wala siupendi kwa ajili ya umri wake. Lililonimaliza subira ni jingine: sheria hiyo hiyo iliyompa nguruwe sentimita 30 za kupitia imemwekea mwanadamu faini, euro 135 kwa kawaida, akiingia bila ya idhini katika msitu wa mtu uliotiwa alama. Mabwana waliipokea zawadi hiyo kwa mkono wa kulia, kisha wakaenda kushitaki kwamba wamenyang'anywa.