Nyota ya kaskazini haipo Upanga

Leo tuweke anatomia pembeni, nina dukuduku kuhusu nyota.

Vitabu vingi tulivyosomea shuleni vinasema ukipotea usiku, tafuta nyota ya kaskazini. Haya, panda ghorofani hapa Upanga, kodoa macho upande wa Salander mpaka kuche. Huioni ng'o! Nyota ile iko karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ya Dunia, kwa hiyo kimo chake angani kinalingana na latitudo ya mahali ulipo. London inaonekana kwenye nyuzi kama 51, Muscat kama 23. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo kwetu iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua hilo zamani, walipima safari kwa kimo cha nyota hiyo hiyo.

Sisi tuna Msalaba wa Kusini. Mwezi wa 5, saa 3 usiku, tazama upande wa Kurasini, utaukuta umesimama. Aliyeko London hauoni hata siku moja.

Misimu nayo ina sababu yake. Usiku tunatazama upande ulio kinyume na Jua. Dunia inavyolizunguka Jua, upande huo unabadilika, na kila nyota inachomoza kama dakika 4 mapema kuliko jana. Kwa mwezi ni saa 2. Ndiyo maana Januari saa 3 usiku Jabari yuko utosini, na Julai saa hiyo hiyo ni zamu ya Nge.

Wazee wetu waliisoma kalenda hii. Kilimia, jina lenyewe la kulima, kinapotelea kwenye mwanga wa Jua mwezi Mei na kurudi alfajiri mwezi Juni. Wahenga wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Sasa hoja yangu. Ukimwambia mtoto wa Kariakoo atafute kitu ambacho hawezi kukiona, unamfundisha kwamba sayansi ni ya kukariri, ya mitihani tu, na mambo yenyewe yako kwa wenzetu. Hapo ndipo tunapowapoteza. Walimu waanze na anga la hapa! Mara moja kwa mwezi, saa ile ile, kila mtoto achore nyota anazoziona utosini. Haitaki darubini wala hela. Taa za mjini zinafifisha nyingi, lakini Jabari na Msalaba bado vinaonekana.

Tena sisi tumebarikiwa. Kwa kuwa karibu na Ikweta, ndani ya mwaka mmoja tunaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Halafu tunakariri la wengine, jamani?

Nawasilisha.